Adams: Aliyepitisha vikwazo kwa siku moja, akazeeka akipigania haki ya kusikizwa

Ijumaa ya Desemba 18, 1807, Seneti ya Marekani ilipokea ujumbe mfupi kutoka kwa Rais Thomas Jefferson. Mzee alikuwa anaomba jambo zito: meli za Marekani zizuiwe kuondoka bandarini kwenda nchi za nje. Nchi yoyote ile, rafiki au adui.

Kanuni za Seneti zilisema mswada usomwe mara tatu, na kila mara iwe siku yake. Siku hiyo kanuni iliwekwa kando. Milango ikafungwa, mswada ukasomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu mfululizo, na baada ya kama saa nne hivi kura zikahesabiwa: 22 ndiyo, 6 la. Kwisha maneno.

Kati ya wale 22 kulikuwa na mtu ambaye, ukiangalia chama chake, hakufaa kuwa hapo. John Quincy Adams alikuwa seneta wa Massachusetts, jimbo la mabaharia na wenye meli, na aliingia Seneti kupitia chama cha upinzani, Federalist. Wenzake wa chama walikuwa wakali kupinga mpango huo. Yeye hakuupigia kura tu, bali alikuwa ndani ya kamati iliyouleta mswada wenyewe.

Kura hiyo ilimla kiti. Lakini ukifuata maisha yake hadi mwisho utakuta jambo la ajabu zaidi. Jamaa huyu aliyesaidia kuruka kanuni ili mjadala uwe mfupi, alikuja kuzeeka akipigana na kanuni nyingine ya bunge iliyowafunga watu midomo kabisa. Alipigana nayo zaidi ya miaka minane, akiwa na umri wa babu, na akaishinda.

Najua mambo ya kanuni za bunge yanaboesha. Mtu akianza kutaja kusomwa mara ya pili na hoja ya nidhamu, unabadilisha chaneli. Lakini ndani ya kanuni hizo ndimo inamoamuliwa nani atasema na nani atanyamaza kabla sheria haijaingia mfukoni mwako. Ukitaka kuona vile hiyo kitu hufanya kazi, maisha ya Adams ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mtoto wa jina kubwa

Alizaliwa Julai 11, 1767, Braintree, Massachusetts, katika sehemu ambayo baadaye iliitwa Quincy. Marekani haikuwa nchi bado, ilikuwa makoloni ya Uingereza. Baba yake, John Adams, alikuwa wakili aliyeingia siasa za ukombozi na hatimaye akawa rais wa pili wa taifa hilo. Mama yake, Abigail, alikuwa msomaji mkubwa mwenye maoni makali ya siasa, na ndiye aliyebaki na watoto wakati baba anazunguka. Juni 1775, kijana akiwa na miaka saba, mama alimpandisha kilimani karibu na kwao wakatazama kwa mbali moshi wa vita vya Bunker Hill.

Alipofika miaka 10, baba alimbeba hadi Ulaya. Akiwa na miaka 14 alipelekwa St. Petersburg, Urusi, kuwa karani na mkalimani wa Kifaransa wa mjumbe wa Marekani. Umri huo wengi wetu bado tulikuwa tunaficha simu bwenini. Alirudi nyumbani, akasoma Harvard, akahitimu 1787 na kuwa wakili. Mwaka 1794, Rais George Washington alimteua balozi nchini Uholanzi akiwa na miaka 26 tu. Baadaye akahudumu Berlin, na mwaka 1797 akamwoa Louisa Catherine Johnson jijini London.

Tangu utotoni aliandika shajara. Alianza 1779 na hakuacha hadi 1848, kurasa zaidi ya 14,000. Ndiyo maana tunajua mengi kumhusu, hata yale ambayo mwanasiasa wa leo angeyafuta haraka kwenye simu.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa mkavu, mbishi, mwenye kujiona yuko sawa, na hakujua kupiga stori za kubembeleza wapiga kura. Si mtu ungetaka kukaa naye kibandani mkinywa chai. Lakini alikuwa na msimamo, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia.

Aliingia Seneti 1803. Enzi hizo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, walichaguliwa na bunge la jimbo. Kwa hivyo bosi wa seneta alikuwa ni chama kilicho na wingi wa viti kule nyumbani. Adams hakuchukua muda kuanza kuwakera mabosi hao. Serikali ya Jefferson ilipoinunua Louisiana kutoka Ufaransa, Federalist walipinga, yeye akaunga mkono.

Fahali wawili na nyasi

Ili uelewe ile kura ya Desemba, rudi Ulaya kidogo. Uingereza na Ufaransa ya Napoleon zilikuwa vitani, na kila upande ulitaka kumnyima mwenzake chakula na bidhaa. Napoleon alitoa amri akiwa Berlin mwaka 1806 kwamba hakuna biashara na Uingereza. Waingereza nao wakajibu kwa amri zao: meli ya nchi isiyo vitani ikitaka kwenda bandari za Ulaya zilizo chini ya Napoleon, ipitie kwao kwanza. Ukitii huyu, yule anakunyang'anya mzigo. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa meli za Marekani.

Juu ya hayo, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linasimamisha meli za Marekani na kuwachukua mabaharia kwa nguvu, likidai ni Waingereza waliotoroka kazi. Juni 22, 1807, mambo yakachacha. Manowari ya Uingereza, Leopard, iliifyatulia mizinga meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, karibu na pwani ya Virginia. Watu watatu walikufa papo hapo, wengine 18 wakajeruhiwa, na mabaharia wanne wakachukuliwa.

Nchi nzima iliwaka. Boston, hata hivyo, kulikuwa na kigugumizi. Federalist walikuwa chama cha matajiri wa meli na biashara yao kubwa ilikuwa na Uingereza. Hawakutaka kumuudhi mteja. Adams aliona aibu. Chama cha Jefferson (kiliitwa Republican, lakini si kile cha siku hizi) kilipoitisha mkutano Boston kulaani shambulio hilo, alienda. Kwa wenzake hiyo ilitosha kumwita msaliti.

Jefferson hakutaka vita. Nchi ilikuwa changa na jeshi lake la majini lilikuwa dogo. Hesabu yake ilikuwa hii: Uingereza inahitaji pamba yetu na soko letu, na visiwa vyake vya Karibi vinahitaji chakula chetu. Tukijifungia, watakuja wenyewe kubisha mlango. Kwa maneno mengine, vikwazo badala ya risasi. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga, na hadi leo nchi kubwa hulitumia kila mwaka. Adams aliliona ni bora kuliko kunyamaza na bora kuliko vita.

Saa nne za haraka

Tatizo lilikuwa jinsi lilivyopitishwa. Ujumbe wa rais ulifika, ukapelekwa kwa kamati ndogo, kamati ikarudi na mswada mfupi sana. Maseneta wachache waliomba muda wa kufikiria. Waliomba hata siku chache tu. Wakakataliwa. Mahasimu wa Adams walieneza kwa miaka kwamba yeye ndiye aliyewaambia wenzake kuwa rais ameshabeba jukumu, na kazi yao ilikuwa kutenda, si kukaa wakitafakari.

Bunge la Wawakilishi nalo lilikaa kwa faragha. Desemba 21 likaupitisha kwa kura 82 dhidi ya 44. Desemba 22 Jefferson akatia sahihi. Siku nne tu tangu ujumbe ufike, uchumi mzima wa baharini ukafungwa kufuli.

Na kufuli yenyewe haikuwa na tarehe ya kufunguliwa. Sheria haikusema itaisha lini. Wale mabaharia, wavuvi, wakulima wa ngano, wapakiaji mizigo na maseremala wa meli hawakuulizwa chochote. Wengi walisikia habari hiyo ikiwa tayari ni sheria.

Ilichofuata kiliuma. Mwaka 1807 Marekani iliuza nje bidhaa za dola milioni 108 hivi. Mwaka 1808 zikaanguka hadi kama milioni 22. Meli zilioza bandarini. Mabaharia wakarandaranda mijini bila kibarua. Kusini, tumbaku na pamba zikajaa maghalani bila mnunuzi.

Walengwa je? Uingereza iliumia kiasi, lakini mwaka huohuo masoko ya Amerika Kusini yakawafungukia baada ya familia ya kifalme ya Ureno kukimbilia Brazili. Napoleon ndiye alicheza kama yeye. Aprili 1808 alitoa amri kwamba meli yoyote ya Marekani itakayofika bandari zake ikamatwe, akidai eti anamsaidia Jefferson kutekeleza sheria yake. Umewahi kuona mtu akikuibia huku anakuambia anakulinda? Hiyo.

Watu nao hawakukaa kitako wakingoja njaa. Magendo yakashamiri. Mbao zilielea kwenye Ziwa Champlain kuelekea Kanada usiku na mchana. Kila serikali ilipoziba tundu, jingine lilitokea, kwa hivyo sheria ikalazimika kuongezewa viraka: Januari 1808, Machi, Aprili, kisha Januari 1809 ikaja sheria kali ya utekelezaji iliyowaruhusu maafisa kukamata mizigo kwa kushuku tu na kutumia wanajeshi. Chama kilichojinadi kuwa ni cha uhuru wa raia sasa kilikuwa kinapekua mikokoteni. Mjadala walioukwepa saa nne zile uliwarudia mwaka mzima, na safari hii uliendeshwa barabarani.

Kiti kinaenda

Kwa Adams bili ilifika mapema. Januari 1808 alihudhuria mkutano wa wabunge wa Republican waliomteua James Madison kugombea urais. Hapo akawa amevuka mto. Seneta mwenzake wa Massachusetts, Timothy Pickering, aliandika barua ya wazi kwa gavana wao akiishambulia sheria hiyo na kudai kuwa serikali inaficha sababu zake. Adams naye akachapisha barua ya kumjibu, akisema kwamba kuinamia amri za Uingereza ni kukubali kuwa koloni tena.

Federalist wakashinda viti vingi katika bunge la jimbo majira yale. Mwanzoni mwa Juni 1808 walifanya jambo lisilo la kawaida: walimchagua mrithi wake, James Lloyd, miezi mingi kabla ya muhula kuisha. Pia wakapitisha maagizo ya kuwataka maseneta wao wapiganie kufutwa kwa vikwazo. Adams alielewa ujumbe. Juni 8 akajiuzulu. Alikuwa na miaka 40, bila kiti, bila chama, na marafiki wa utotoni wakimpita njiani kama hawamjui.

Usimhurumie upesi. Msimamo wake wa kutofuata chama kama mkia ulikuwa wa kuheshimika, kwani alijua kura ile ingemgharimu na akaipiga. Lakini ukweli mwingine uko hapohapo: watu wa jimbo lake ndio walioumia zaidi, na alikuwa amesaidia kuwanyima nafasi ya kusema kabla ya kuumizwa. Miji ya New England ilianza kumwandikia rais maombi, mji baada ya mji, ikiomba sheria ilegezwe. Maombi yalikuja sheria ikiwa tayari imeshauma.

Kufikia mwisho wa 1808 hata Adams mwenyewe alikuwa anawaandikia wabunge aliowajua akiwashauri wabadilishe dawa: wafungue biashara na dunia yote, wawafungie Uingereza na Ufaransa pekee. Hicho ndicho Bunge lilikuja kufanya. Jefferson alitia sahihi sheria hiyo Machi 1, 1809, siku tatu kabla ya kuondoka ikulu.

Upande wa pili wa meza

Madison, aliyemrithi Jefferson, hakumsahau. Alimtuma Adams Urusi kuwa balozi, na huko sasa akawa mtu wa kulia kuhusu vikwazo vya wengine. Meli za Wamarekani zilikuwa zimeshikwa Denmark kwa shinikizo la Napoleon, na Adams akamwomba Mfalme Alexander wa Urusi aingilie kati. Alexander akakubali. Vita ambayo vikwazo vilitakiwa kuizuia ilizuka mwaka 1812 hata hivyo, na Adams akawa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa amani huko Ghent, Desemba 24, 1814.

Kuanzia 1817 akawa Waziri wa Mashauri ya Nje, na wengi humhesabu kati ya mawaziri bora kabisa waliowahi kushika kazi hiyo. Mkataba wake wa 1819 na Uhispania uliipa Marekani Florida.

Halafu ukaja urais, na ukaja kwa mlango wa kanuni. Uchaguzi wa 1824 ulikuwa na wagombea wanne na hakuna aliyepata wingi wa kura za wajumbe wa majimbo. Andrew Jackson alikuwa na 99, Adams 84. Katiba inasema hapo Bunge la Wawakilishi liamue, kila jimbo kura moja. Februari 1825 Adams akapata majimbo 13 kati ya 24. Henry Clay, Spika wa Bunge aliyekuwa amemuunga mkono, akateuliwa Waziri wa Mashauri ya Nje. Watu wa Jackson wakapiga kelele za mpango wa chini ya meza, na hawakunyamaza kwa miaka minne.

Kelele hizo zilimponza hata kwenye biashara. Mwaka 1826 Uingereza ilizifungia meli za Marekani bandari za koloni zake za Karibi. Kongresi ikatakiwa kutoa jibu. Seneti ikawa na mswada wake, Bunge la Wawakilishi likawa na mabadiliko yake, wafuasi wa Jackson na wa Adams wakavutana hadi kikao kikafika mwisho Machi 1827 bila sheria yoyote. Rais akabaki na sheria ya zamani ya 1823 na akaitumia kutangaza kwamba bandari za Marekani nazo zimefungwa kwa meli za Waingereza kutoka koloni hizo. Kampeni ilipoanza, waliosaidia kuua mswada ndio walikuwa wa kwanza kumlaumu kwa soko lililopotea.

Ukiweka miaka hiyo miwili kando kwa kando, unaona kitu. Mwaka 1807 chama kimoja kilikuwa na nguvu hivi kwamba hakikuhitaji kusikiza mtu. Mwaka 1827 vyama vilichukiana hivi kwamba hakuna aliyetaka kusikiza. Mara zote mbili mfanyabiashara mdogo wa bandarini aliamka asubuhi akakuta mlango umefungwa.

Adams alishindwa na Jackson mwaka 1828. Watu walidhani ameisha.

Babu anarudi darasani

Mwaka 1830, akiwa na miaka 63, alifanya jambo ambalo wengi waliona ni kujishusha. Rais mzima mstaafu aligombea kiti cha kawaida cha Bunge la Wawakilishi na akakipata. Alikaa humo hadi kufa, miaka 17.

Wakati huo wanaharakati wa kupinga utumwa, wengi wao wanawake ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura, walikuwa wanakusanya sahihi nyumba kwa nyumba na kupeleka maombi bungeni. Waliomba hasa utumwa ukomeshwe katika mji mkuu, Washington. Wabunge wa Kusini, wenye mashamba na watumwa, hawakutaka hata kusikia neno hilo. Mei 26, 1836, Bunge likapitisha kanuni kwa kura 117 dhidi ya 68: ombi lolote linalogusa utumwa liwekwe kando moja kwa moja, bila kuchapishwa, bila kupelekwa kwa kamati, bila kuchukuliwa hatua yoyote.

Adams alisimama kutaka kuzungumza, akanyimwa nafasi. Aliuliza kama amefungwa mdomo. Jina lake lilipoitwa kupiga kura, badala ya kusema ndiyo au la, alitangaza kwamba kanuni hiyo inavunja Katiba, inavunja kanuni za Bunge na inavunja haki za waliomchagua. Kisha akaketi, na vita vikaanza.

Silaha yake ilikuwa kanuni zenyewe. Alizijua kuliko Spika. Kila siku ya maombi alikuja na rundo la karatasi, akisoma moja haraka kabla hajanyamazishwa, kisha nyingine. Wengine walimpigia kelele hadi sauti zikakauka.

Kisa kizuri zaidi ni cha Februari 1837. Alimwambia Spika James Polk kwamba ana ombi kutoka kwa watu 22 wanaojitaja kuwa watumwa, akauliza kwa adabu kama linaingia chini ya ile kanuni. Ukumbi ulilipuka. Mtumwa kuandikia Bunge! Wakataka akemewe rasmi. Baada ya kurushiana maneno kwa muda ndipo Adams akawafafanulia kwamba hakuwa amewasilisha ombi hilo, aliuliza swali tu. Na lingine: ombi lenyewe lilikuwa linapinga kukomeshwa kwa utumwa. Kumbe hakuna aliyejisumbua kuuliza limesema nini.

Mwaka 1840 kanuni hiyo ilifanywa ya kudumu, lakini kwa kura 114 dhidi ya 108. Ule mwanya mpana ulikuwa umebaki kura sita. Mwaka 1842 wakajaribu tena kumkemea, safari hii kwa kuleta ombi la wakazi wa Haverhill, Massachusetts, waliotaka muungano wa Marekani uvunjwe. Adams hakukubaliana na ombi hilo. Alisema tu wana haki ya kuliomba na kujibiwa. Alidai ajitetee, akaagiza Azimio la Uhuru lisomwe kwa sauti, na kwa karibu wiki mbili akazungumza kuhusu utumwa kwa kila upande, jambo lilelile ambalo kanuni ilitaka lisizungumzwe. Wakachoka. Hoja ikawekwa kando kwa kura 106 dhidi ya 93.

Katikati ya hayo, mwaka 1841, alisimama Mahakama ya Juu kuwatetea Waafrika wa meli ya Amistad, wengi wao Wamende kutoka eneo la Sierra Leone, waliokuwa wameasi na kuiteka meli iliyowabeba karibu na Cuba mwaka 1839. Alikuwa na miaka 73 na hakuwa ameonekana mbele ya mahakama hiyo kwa miaka mingi. Mahakama iliamua kwamba ni watu huru, na 35 waliobaki hai wakarudi kwao.

Desemba 3, 1844, Adams aliwasilisha tena hoja yake ya kufuta kanuni ya kufunga midomo. Safari hii wabunge wengi wa Kaskazini wa chama cha Democratic walikuwa wamechoka kubeba mzigo wa wenzao wa Kusini. Kura 108 dhidi ya 80. Ikaanguka.

Kura ya mwisho

Februari 21, 1848, Bunge lilikuwa linapigia kura hoja ya kuwashukuru majenerali wa vita dhidi ya Mexico, vita ambavyo Adams alivipinga. Akajibu la, kwa sauti iliyosikika. Muda mfupi baadaye alijaribu kusimama kuzungumza, akaanguka. Walimbeba hadi chumba cha Spika, na Februari 23 akafariki humo, akiwa na miaka 80. Miongoni mwa wabunge wapya waliokuwemo kikaoni muhula huo alikuwa Abraham Lincoln, ambaye miaka 15 baadaye alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi.

Watu humkumbuka Adams kama mtoto wa rais aliyekuwa rais kwa muhula mmoja tu. Mimi naona afadhali akumbukwe kwa siku mbili za bungeni, Desemba 18, 1807 na Desemba 3, 1844. Siku ya kwanza alikuwa na nia njema na hesabu nzuri, na akasaidia kuondoa kanuni iliyowapa watu muda wa kusema. Siku ya pili aliwarudishia wengine haki hiyohiyo, ikiwa imemchukua nguvu zote za uzeeni.

Huku kwetu Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na Kanuni za Kudumu zinataka mswada usomwe mara tatu. Muda wa hatua hizo unaweza kufupishwa kwa hoja, wabunge wakikubali. Kwa hivyo siku ukisikia mswada umepita hatua zote kabla ya saa za chai, usiishie kuuliza ulikuwa wa chama gani. Uliza nani atalipia, na kama kuna aliyemsikiza kabla kura hazijapigwa.